Acheni Kulinganisha Vigeuzi vya Sauti kwa Macho

Haya jamani, leo tutagombana kidogo. Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Siuzi redio, sina ubia na duka lolote, na hakuna aliyenipa kifaa cha bure ili nikisifie. Lakini kuna hadithi moja tamu inayozunguka hapa Noonkopir, kuanzia vyumba vya kupanga kando ya barabara ya Namanga hadi maghorofa mapya ya Kitengela, na imeanza kula pesa za watu ninaowafahamu. Hadithi ni hii: ukitoa kigeuzi cha bei nafuu kwenye stereo yako ya nyumbani na kuweka cha bei ghali, muziki "unafunguka", besi "inashikana", na mwimbaji "anatoka ndani ya spika na kuketi sebuleni".

Msimamo wangu ni huu: yeyote aliyekuambia hayo bila kusawazisha kiwango cha sauti, na bila kuficha kifaa kipi kinacheza, hajalinganisha chochote. Amekusimulia hadithi. Wazee wetu nao walisimulia hadithi usiku kucha, lakini hawakumtoza msikilizaji shilingi elfu hamsini.

KIGEUZI NI KITU GANI?

Kwa wale ambao ni wageni katika mambo haya: wimbo ulio ndani ya simu au kompyuta ni orodha ndefu ya namba. Spika haielewi namba, inaelewa umeme unaopanda na kushuka. Kifaa kinachosoma namba na kutoa umeme huo ndicho kigeuzi. Madukani wanakiita DAC, kwa herufi tatu.

Huhitaji kwenda dukani kukitafuta, maana tayari unavyo kadhaa. Kimo ndani ya simu, ndani ya laptopu, ndani ya king'amuzi cha televisheni, ndani ya spika ya Bluetooth. Apple walipoondoa tundu la visikilizio kwenye iPhone 7 mwaka 2016, ule waya mfupi uliowekwa badala yake ulikuwa na kigeuzi kizima ndani yake, na Apple wenyewe waliuuza dola 9.

Na hapa kuna jambo wengi hawalijui: ukicheza muziki kwa Bluetooth, kigeuzi cha simu hakifanyi kazi kabisa. Namba zinasafiri hewani, na kazi ya kuzigeuza inafanywa na kigeuzi kilicho ndani ya spika. Kwa hiyo ukisikia mtu anajisifu kwamba simu yake ina kigeuzi cha hali ya juu huku anacheza kwa Bluetooth, mpe maji anywe apumzike.

TATIZO LA ZAMANI, DAWA YA ZAMANI

Sisemi kwamba vigeuzi havikuwahi kutofautiana. Sony na Philips walipotoa CD sokoni mwaka 1982, kila sekunde ya muziki ilikuwa na sampuli 44,100 kwa kila upande, na kila sampuli ilikuwa na biti 16, yaani ngazi 65,536. Kutengeneza kifaa cha kugeuza namba hizo bila kosa kulikuwa kazi ngumu. Philips wenyewe walianza na vigeuzi vya biti 14 kwenye mashine zao za kwanza, wakaziba pengo kwa hesabu za ujanja. Mtu aliyelinganisha mashine mbili wakati huo alikuwa na sababu ya kutega sikio.

Lakini hiyo ni zaidi ya miaka arobaini iliyopita. Leo chipu ndogo kuliko ukucha, inayotengenezwa kwa mamilioni, inafanya kazi hiyo vizuri kuliko mashine kubwa za zamani. Biti 16 zinakupa nafasi ya takriban desibeli 96 kati ya sauti kubwa kabisa na kelele ya chini kabisa.

Sasa fanya hesabu ya sebule yako. Ukikaa karibu na barabara ya Namanga, malori ya kwenda mpakani hayalali. Tuseme chumba chako usiku kina kelele ya desibeli 40. Ukifungulia muziki mpaka ufike desibeli 100, yaani mpaka mwenye nyumba abishe mlango, umetumia desibeli 60 tu kati ya zile 96. Zilizobaki zimezama chini ya malori. Na kigeuzi ghali kinajitangaza kwamba kimeshusha kelele hata chini zaidi ya hapo. Sawa, lakini ni nani atakayeisikia?

UDANGANYIFU WA DESIBELI

Sasa tuje dukani, iwe Luthuli Avenue au kwingineko. Muuzaji anakuchezea kifaa cha kwanza, halafu cha pili. "Bosi wangu, sikia hiyo besi!" Na kweli unasikia. Wewe si mwongo, wala masikio yako si mabovu. Kilichotokea ni kwamba kifaa cha pili kinatoa sauti kubwa zaidi.

Si lazima muuzaji awe tapeli, kwa sababu vifaa vyenyewe havifanani kwa volti. Mashine za CD na vigeuzi vingi vya mezani hutoa takriban volti 2. Vile vidogo vya kuchomeka kwenye simu vingi hutoa kama volti 1 au chini ya hapo. Volti mara mbili ni tofauti ya desibeli 6, na hiyo si ndogo hata kidogo.

Mwaka 1933 Fletcher na Munson wa maabara za Bell kule Marekani walionyesha kwamba sikio la binadamu halisikii besi na sauti nyembamba kwa usawa, na kwamba usawa huo hubadilika sauti ikiongezwa. Ongeza kiwango, besi inajaa. Ubongo nao hausemi "hii ni kubwa zaidi". Unasema "hii ni nzuri zaidi". Tofauti ikiwa ndogo, kama nusu desibeli, hata hutambui kwamba sauti imeongezeka. Unaondoka tu ukiwa na uhakika kwamba muziki "umefunguka".

Waandishi wenzangu wa programu watanielewa haraka. Ukibadilisha mistari miwili kwa wakati mmoja na hitilafu ikaisha, hujui ni mstari upi uliotibu. Anayebadilisha kigeuzi na kiwango cha sauti kwa pamoja amebadilisha mistari miwili. Halafu anaandika kwenye ripoti kwamba ni kigeuzi. Kazini kwangu ripoti ya namna hiyo inarudishwa kabla ya chai ya saa nne.

MACHO YANASIKIA KULIKO MASIKIO

La pili ni kujua. Ukijua kwamba sasa kinacheza kile cha shilingi elfu hamsini, chenye taa ya buluu na mwili wa aluminiamu, tayari umeshasikia. Hili halina uhusiano na elimu wala umri. Ni maumbile ya binadamu, na ndiyo sababu hata dawa za hospitali hupimwa kwa kuficha nani kapewa dawa na nani kapewa kidonge kitupu. Daktari mwenye digrii tatu haaminiwi kwa jicho lake. Wewe na mimi na spika zetu tuaminiwe kwa nini?

Kwa hiyo kifiche kifaa. Mtu wa pili arushe sarafu, abadilishe au asibadilishe, wewe useme ni kipi. Mara moja haitoshi, kwa maana hata kuku kipofu huokota punje. Fanya mara 16. Anayebahatisha tu atapata kama 8. Kupata 12 au zaidi kwa bahati kunatokea mara moja katika kila majaribio 26 hivi. Kwa hiyo anayefika 12 anastahili kusikilizwa, kisha arudie siku nyingine. Akifika tena 12, nitamvulia kofia.

WALIOPIMA WALIPATA NINI?

Mwaka 2007 Meyer na Moran walichapisha kwenye jarida la chama cha wahandisi wa sauti, Audio Engineering Society, jaribio ambalo wauzaji hawapendi kulitaja. Walichukua rekodi za ubora wa juu kuliko CD, wakazipitisha kwenye kifaa kinachozigeuza kuwa namba za kiwango cha CD na kuzirudisha tena kuwa umeme. Wasikilizaji walitakiwa kusema ni lini mzunguko huo wa ziada umeingizwa. Majaribio yalikuwa 554. Majibu sahihi yalikuwa 276, yaani asilimia 49.8. Ungerusha sarafu ungepata hivyo hivyo. Tofauti ilijitokeza pale tu walipoongeza sauti kupita kiasi wakati wa kimya na kusikia kelele ya chini.

Nisiwe mchoyo, niwape na upande wa pili. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa Queen Mary, Chuo Kikuu cha London, alikusanya tafiti 18 zenye majaribio zaidi ya 12,000 kuhusu rekodi za ubora wa juu dhidi ya zile za kawaida. Alipata kwamba wasikilizaji walitambua kwa asilimia 52.3, na waliofunzwa kwanza walifanya vizuri zaidi ya hapo. Kwa hesabu, hiyo si bahati tupu, kuna kitu. Mimi naikubali.

Lakini itazameni hiyo asilimia 52.3 vizuri. Ni mtu aliyekaa kimya, mwenye vifaa vizuri, anayetega sikio kwa bidii, na bado katika kila majaribio mia anapata mawili matatu zaidi ya sarafu. Hiyo ndiyo "mwimbaji anaketi sebuleni"? Mwimbaji gani huyo anayekuja mara mbili katika mia?

Watasema: "Vifaa vyako havitoshi kuonyesha tofauti." Basi kama tofauti inahitaji amplifaya na spika za bei ya gari, mbona unamuuzia kigeuzi hicho mtu mwenye sabufa ya shilingi elfu nane? Watasema: "Vipimo havipimi muziki." Sawa, weka vipimo pembeni, tumia masikio yako peke yake. Ndicho ninachoomba! Ni mimi ninayetaka masikio yaachwe yafanye kazi bila kuona bei. Nyinyi ndio mnaokataa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

PALE AMBAPO TOFAUTI NI YA KWELI

Sitaki mtu atoke hapa akisema kwamba nimesema vifaa vyote ni sawa. Kuna hali ambazo kubadilisha kigeuzi kunasaidia kweli, nazo ni hizi.

1. Mvumo na kelele. Umechomeka laptopu kwenye amplifaya, na ukiweka chaja unasikia mvumo, au kelele kama nyuki kila unaposogeza panya. Chomoa chaja. Kelele ikiisha, tatizo ni njia ya umeme kati ya vifaa, wala si namba za muziki. Kigeuzi kinachopokea kwa kebo ya mwanga hukata njia hiyo kabisa, kwa sababu mwanga haubebi umeme. Hicho nunua kama laptopu yako ina tundu la kebo hiyo. Cha bei nafuu kinatosha.

Na hapa nasema kwa herufi kubwa: USIKUBALI FUNDI AKATE WAYA WA ARDHINI, ule wa kijani na manjano, ili mvumo uishe. Utaisha kweli. Lakini siku amplifaya itakapopata hitilafu, volti 240 zitapita kwenye mwili wake wa chuma na kumngoja mtoto aguse. Nyumba nyingi za kupanga zina soketi ambazo waya huo haujaunganishwa popote. Pesa za kigeuzi zimlipe kwanza fundi mwenye leseni akague hilo.

2. Kifaa kibovu au kilichotengenezwa vibaya. Vipo. Vinakwaruza, vinakatika, upande mmoja uko chini ya mwingine. Huhitaji sikio la dhahabu kuvijua.

3. Visikilizio vigumu kuendesha. Tundu dhaifu halivipi sauti ya kutosha. Hilo ni suala la nguvu.

4. Vifaa vilivyotengenezwa makusudi vibadilishe sauti, kama vile vya valvu. Ukiipenda rangi yake, ni haki yako, kama vile mtu anavyopenda pilipili. Usiite pilipili ukweli, basi.

CHUMBA CHAKO KINAKUIBIA

Unataka kusikia tofauti kubwa leo, bila kutoa hata shilingi? Simama, sogeza kiti chako nusu mita, keti tena. Hiyo tofauti ya besi uliyoisikia ni kubwa kuliko ya kigeuzi chochote kizima ulichowahi kununua.

Hesabu yake ni rahisi. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde. Chumba chenye urefu wa mita 4 huvimba karibu na hezi 43. Nota ya chini kabisa ya gitaa la besi la nyuzi nne ni hezi 41. Yaani sebule yako ina nota yake inayoipenda, na ukikaa karibu na ukuta inakurushia nota hiyo usoni, ukikaa katikati inaimeza. Mabadiliko ya desibeli 10 ndani ya chumba ni ya kawaida. Vigeuzi viwili vizima vikisawazishwa hutofautiana kwa sehemu ya desibeli moja.

Halafu tazama nyumba zetu zilivyojengwa: kuta za mawe, sakafu ya vigae, madirisha makubwa, pazia jepesi. Piga kofi moja usikie linavyorudi. Zulia nene, pazia nzito na kabati lililojaa vitabu vitatuliza mwangwi huo. Besi yenyewe haitibiwi na zulia. Itibu kwa kuzitoa spika kwenye pembe za chumba na kutafuta mahali pazuri pa kuketi. Pesa ikibaki, nunua spika bora. Spika ndiyo yenye makosa makubwa kuliko kifaa kingine chochote katika mnyororo mzima, na ndiyo inayobadilika waziwazi unapobadilisha.

NAMBA ZENYEWE ZIMETOKA WAPI?

Sasa nifike mahali panaponiuma zaidi. Kigeuzi hakiwezi kutoa kilichokuwa hakimo kwenye faili. Na sisi tunasikiliza faili gani?

Muziki wetu mwingi wa miaka ya 1960 na 1970, benga, rumba, taarab, ulitolewa kwa santuri ndogo za mizunguko 45. Baadaye kanda zikaja, na pamoja nazo kanda za wizi, soko la santuri likafa. Kanda ya kawaida bila kichuja kelele ina nafasi ya kama desibeli 50 hadi 55 tu. Wimbo ukitoka kwenye santuri iliyochakaa, ukaingia kwenye kanda, ukanakiliwa tena kwenye kanda nyingine, kisha mtu akaugeuza kuwa MP3 ya kilobiti 128 na kuupakia YouTube, kelele yake imeshakuwa juu ya kelele ya CD kwa takriban desibeli 40. Halafu mtu anauchezea wimbo huohuo kwenye kigeuzi cha elfu hamsini na kuniambia anasikia "hewa kati ya magitaa". Ndugu yangu, hiyo ni hewa ya kanda.

Wapo wanaofanya kazi ya maana. Ketebul Music ya Nairobi, iliyoanzishwa na Tabu Osusa mwaka 2007, ilifuatilia historia ya benga na kuitoa mwaka 2008 kwa kitabu na rekodi. Kwenye mtaa wa Tom Mboya kuna duka la Melodica, ambalo lilitoa santuri tangu miaka ya 1970. Nakala moja safi iliyotolewa kwenye utepe wa awali wa studio, au kwenye santuri ambayo haijachakaa, itabadilisha unachosikia kuliko vigeuzi kumi. Tepu za zamani zinaoza kila mwaka, na zikishaoza hakuna chipu itakayozirudisha. Kila shilingi inayomezwa na kisanduku chenye taa ya buluu ni shilingi ambayo haikununua nakala halali, haikumfikia mwanamuziki mzee wala familia yake. Hilo ndilo deni, na sisi tumekaa tunabishana kuhusu aluminiamu.

FANYA HIVI KABLA HUJANUNUA

1. Azima kifaa, usikinunue kwanza. Muuzaji akikataa katakata, umeshapata sehemu ya jibu.

2. Unganisha vigeuzi vyote viwili kwenye amplifaya moja, kwenye matundu mawili tofauti.

3. Cheza mlio wa hezi 100. Pima volti kwenye vituo vya spika kwa multimita, ile ya kawaida ya fundi wa stima. Hupima vizuri kwenye masafa hayo. Punguza kilicho juu kwa programu ya kuchezea muziki mpaka tofauti iwe chini ya asilimia 1. Mfano: volti 2.00 na 2.01.

4. Rafiki akae nyuma yako msionane, arushe sarafu kila raundi na aandike. Mali bila daftari hupotea bila habari.

5. Aanzishe kipande cha wimbo upya kila raundi, ili kuchelewa kwa kifaa kimoja kusikupe jibu.

6. Raundi 16. Hesabuni mwishoni, si katikati.

Ukipata 12, rudia siku nyingine. Ukipata 12 tena, nunua kwa amani. Ukipata 8, umeokoa kodi ya nyumba.

Na anayeona kwamba nimekosea, mlango wangu Noonkopir uko wazi. Multimita ninayo, sarafu ninayo, pazia ninalo. Atakayepata 12 kati ya 16 siku mbili tofauti, vifaa vikiwa vizima na vimesawazishwa, namnunulia mbuzi mzima wa kuchoma. Kubahatisha mara zote mbili kunatokea mara moja katika majaribio kama 680, kwa hiyo mbuzi wangu bado ananenepa bila wasiwasi. Njooni na vigeuzi vyenu, ila bei yake msiitaje mpaka raundi ya 16 iishe.